Nane Mbili Mbele ya Wakwe: Kisa cha Utani wa Mpira Lamu

Kisa chenyewe hakikuzidi safari ya boti kutoka gati ya Mokowe hadi Lamu. Baharia kijana alimtania nahodha wake, shabiki wa Arsenal, mbele ya abiria, kwa ile mechi ambayo Manchester United iliifunga Arsenal 8-2. Nahodha hakujibu kitu. Boti ilipofika Lamu na abiria wakashuka, alimwambia kijana kesho asije. Tangu hapo, kuanzia Langoni hadi Mkomani, kila baraza lilikuwa na mazungumzo hayo hayo, na karibu kila mtu aliuliza swali moja: mtu mzima anamfukuzaje mtoto wa watu kazi kwa sababu ya mpira?

Swali hilo naona limewapoteza wengi. Nimewasikiliza wahusika wote watatu, maana yuko na wa tatu, fundi cherehani, ambaye hakuwamo botini lakini ndiye mwenye utani wenyewe. Majina yao sitayataja. Mji ni mdogo, na wanaowajua wanawajua.

Tuanze na mechi, kwa sababu wanaoitaja sana ile namba mara nyingi ndio wasioijua mechi.

Ilichezwa Old Trafford, Jumapili tarehe 28 Agosti 2011. Arsenal ilikwenda ikiwa nusu timu. Cesc Fàbregas, aliyekuwa nahodha wao, alikuwa ameshauzwa Barcelona katikati ya mwezi huo, na Samir Nasri akahamia Manchester City siku chache tu kabla ya mechi. Alex Song, Gervinho na Emmanuel Frimpong walikuwa wanatumikia adhabu. Jack Wilshere na Thomas Vermaelen walikuwa majeruhi. Francis Coquelin alikuwa anacheza mechi yake ya kwanza ya ligi, na Carl Jenkinson, beki wa miaka 19, akaja kutolewa kwa kadi nyekundu. Watu husahau kwamba matokeo yakiwa bado 1-0 Arsenal walipata penalti, Robin van Persie akaipiga, David de Gea akaiokoa. Mapumziko ilikuwa 3-1, mtu bado anaweza kujipa moyo. Kisha kati ya dakika ya 64 na ya 70 yakaingia matatu mfululizo, la Wayne Rooney, la Nani na la Park Ji-sung, na hapo mambo yakaisha. Rooney peke yake aliondoka na mabao matatu. Arsenal ilikuwa haijafungwa manane tangu mwaka 1896.

Sasa iweke mechi hiyo kwenye saa za Lamu. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani, Idi iko mlangoni. Mpira ulianza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, jua linakaribia kuzama. Danny Welbeck alifunga la kwanza dakika ya 22, yaani wakati ule ule wa kufuturu. Nahodha wetu, ambaye siku hizo alikuwa bado baharia na hajamiliki chombo, alikuwa ndani ya banda la mpira na tende zake mfukoni. Alifungua kwa tende na maji, akasema futari yenyewe ataila nyumbani mpira ukiisha. Yale matatu ya mfululizo yaliingia isha inakaribia. Hakungoja la saba. Alikwenda nyumbani, akakaa mbele ya sinia, akashindwa kula, akalia. Mkewe alidhani kuna mtu amefariki.

Habari hii ya sinia na machozi aliisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, barazani, kwa watu wachache anaowaamini. Aliisimulia akicheka. Naomba msomaji alishike hilo.

Fundi na nahodha walisoma chuo kimoja wakiwa watoto. Siku ile ya mechi fundi, Manchester United damudamu, alikuwa amekaa benchi la nyuma yake. Siku ya Idi alikwenda nyumbani kwa mwenzake kama ada, akasalimia wazee, akala, akanywa kahawa, mpira hakuutaja hata kidogo. Waliposindikizana na kufika nje ndipo akamwonyesha vidole vinane, akavikunja, akaonyesha viwili. Wazee walikuwa ndani, hawakuona. Kwa hiyo utani huo tangu siku ya kwanza ulikuwa na mahali pake, nje ya kizingiti, kati ya watu wawili wanaojuana, na kila aliyekuja kujiunga nao baadaye aliukuta na mpaka huo hata kama hakuna aliyeutamka.

Uliendelea kwa namna ambazo mimi nazipenda sana. Nahodha akishonesha kanzu, fundi humwandikia namba 82 kwa chaki upande wa ndani wa pindo. Chaki hutoka kwa maji ya kwanza. Nahodha naye huitafuta kabla hajaivaa, na akiikosa humuuliza fundi kama anaumwa.

Zamu ilikuja kugeuka. Tarehe 13 Mei 2012, siku ya mwisho ya msimu ule ule, Manchester City na Manchester United zilimaliza ligi zikiwa na pointi 89 kila moja. Kombe likaenda City kwa tofauti ya mabao: City 64, United 56. Ukitoa hesabu, pengo ni mabao manane. Nahodha aliipiga hesabu hiyo usiku ule na asubuhi akawa mlangoni kwa fundi kabla cherehani haijafunuliwa. “Nane mulizotupiga sisi,” akamwambia, “ndizo mulizozikosa nyinyi.” Fundi anakiri hakuwa na la kusema. Na alijua pia kuwa sita kati ya mabao yaliyowaumiza waliyala nyumbani kwao Old Trafford, Oktoba 2011, City walipowafunga 6-1.

Agosti 2012 Van Persie, kipenzi cha nahodha, akahamia United. Msimu huo akafunga mabao 26 ya ligi na kuwapa ubingwa. Nahodha alinyamaza karibu msimu mzima, na fundi, nampa heshima yake kwa hili, naye hakumsukuma sana.

Kisha ikaja tarehe 5 Machi 2023, Liverpool 7, Manchester United 0, Anfield. United ilikuwa imebeba Kombe la Carabao wiki moja tu kabla. Kwetu mpira ulianza saa moja na nusu usiku, waliotoka kwenda kusali isha wakarudi wakakuta bado bila bila. Cody Gakpo alifunga dakika ya 43, na mengine sita yote yakaingia kipindi cha pili: Gakpo tena, Darwin Núñez mawili, Mohamed Salah mawili, Roberto Firmino akamalizia. Siku ya pili nahodha alikwenda kulipia kanzu, akahesabu pesa, akapunguza shilingi saba.

Barazani kulizuka mjadala juu ya jambo hilo, na ulikuwa mjadala wa maana kuliko mtu wa nje anavyoweza kudhani. Shabiki mmoja wa Liverpool alikasirika kabisa. “Saba ni zetu,” alisema, “wewe Arsenal ulikuwa mtazamaji kama watazamaji wengine.” Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyeamua. Nahodha akitaniwa kwa nane, ana ruhusa kujibu kwa saba, lakini yeye asianze kwa saba, maana si jasho la timu yake. Fundi naye alikuwa na la kujitetea, kwamba msimu huo United ilimaliza ya tatu na Liverpool ya tano. Uamuzi ulikubalika na haujavunjwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ionekane kitu gani kilikuwapo kabla ya siku ya boti. Palikuwa na utani wenye zamu. Kila pigo lilikuwa na jibu lake, au lilisubiri jibu lake hata miaka. Hapa Lamu jambo hili ni la kale. Katika Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate lilishindwa vibaya kwenye mchanga wa Shela, na washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana beti juu ya uhasama ule. Watu walikufa katika vita vile, lakini aliyerushiwa ubeti alikuwa na haki ya kuurudisha, kina kwa kina, mizani kwa mizani.

Siku ya boti, nahodha alikuwa amekwenda Mokowe mwenyewe kupokea wageni. Walikuwa watu wa Malindi, wamekuja kwa basi, wazee na akina mama na watoto wawili, wanaleta posa ya binti yake. Angeweza kumtuma mtu. Alitaka awavushe kwa mkono wake, na ninaelewa kwa nini.

Kijana baharia ni mtoto wa dada yake fundi. Ni mchapakazi, mcheshi, abiria wanampenda. Kabla ya kufungua kamba alihesabu vichwa kama kawaida, ikatokea watu wazima wanane na watoto wawili.

“Nane mbili!” akapaza sauti. “Hesabu ya ami hii, haimtoki!”

Wageni wakacheka kwa adabu, bila kujua wanachekea nini. Mzee mmoja akauliza maana yake. Boti ilikuwa imeshaondoka, mashine inanguruma, kijana amesimama kwa mbele akishika mhimili wa turubai. Akaeleza, kwa sauti ya kuishinda mashine, kwamba nahodha ni Arsenal na walifungwa manane. Angeishia hapo, nadhani nisingekuwa na kisa cha kuandika. Lakini aliona wageni wanafurahi, akaongeza: “Na ami alilia! Futari ikapoa mbele yake, mkewe akadhani kuna msiba.”

Hapo walicheka kweli. Mama wa kijana anayeposa alijiziba mdomo kwa ukingo wa buibui. Nahodha alikuwa nyuma, mkono kwenye mashine, macho kwenye mkondo. Angejibu nini? Jibu lake analo, na ni jibu zuri, lile la Mei 2012. Lakini ebu fikiri: asimame nyuma ya boti, apige kelele habari za pointi 89 na tofauti ya mabao, kwa watu waliokuja kuitazama nyumba ambayo kijana wao anataka kuoa. Akinyamaza, yeye ni yule mtu aliyelilia mpira. Akijibu, ndiye huyo huyo na zaidi.

Wapo waliosema kosa ni la kazi, kwamba botini nahodha ni nahodha na hataniwi na baharia wake. Sikubaliani nao. Kijana huyo huyo amemtania mara nyingi mbele ya abiria wa kila siku na nahodha akamjibu kwa vijembe vikali zaidi, abiria wakacheka pande zote mbili. Wengine walisema kosa ni umri. Mwaka 2011 kijana huyu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mwalimu mstaafu alimwita akamuuliza nani alifunga bao la kwanza siku ile, akajibu Rooney. Kutoijua mechi si dhambi, vijana wengi wanarithi timu na namba kutoka kwa wajomba zao. Ila inaonyesha alikuwa na nini mkononi. Mechi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni machozi ya mtu.

Hapo ndipo mimi naliona kosa. Nane mbili ni mali ya kila mtu, imo katika kumbukumbu za ligi, hata Arsenal wenyewe hawawezi kuikana. Ile futari iliyopoa ilikuwa ya nahodha. Aliwapa wenzake barazani kwa hiari yake, mahali ambapo kila mmoja ana aibu yake ya kufanana na hiyo, na ambapo fundi mwenyewe alishakubali kwamba usiku wa saba bila alizima simu akalala bila kuaga mtu. Kuitoa pale na kuwapa watu wasiomjua, tena watu ambao mbele yao hawezi kujitetea, ni kumvua. Namba ilitumika kama mlango tu.

Na wale wa “ni mpira tu” nawaomba wakumbuke Mei 2009. Manchester United iliifunga Arsenal 3-1 katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na shabiki mmoja wa Arsenal jijini Nairobi akajitoa uhai usiku ule. Habari zake zilitangazwa duniani kote. Simfananishi nahodha na ndugu yule, Mungu amrehemu. Nasema kwamba hatujui mwenzetu ameuweka mpira wapi moyoni mwake, na anayejua, kwa sababu aliambiwa, ana amana.

Nahodha naye alikosea, na nilimwambia. Kijana ana mama anayemtegemea. Kumsimamisha mtu kazi bila kumweleza sababu, ukamwacha mji umweleze, ni kumwadhibu mara mbili. Kwa siku kadhaa yule mtoto aliamini kwa dhati kwamba amefukuzwa kwa kutaja Arsenal. Angemvuta kando hapo hapo gatini na kumwambia maneno mawili, mengi yasingetokea.

Aliyeufungua mfundo ni fundi. Aliposikia habari za futari alijua mara moja imetoka wapi, maana yeye ndiye aliyeisimulia nyumbani kwa dada yake usiku mmoja, kijana akiwa pembeni anakula. Alikwenda kwa nahodha baada ya isha, peke yake. Hakupitia barazani na hakumchukua mwalimu. Alimwambia nane ni zake na ataendelea nazo, ila futari hakuwa na haki ya kuitoa, na mtoto kaipata kwake. Nahodha alimjibu kwamba kijana arudi kazini. Kisha akasema jambo lililomkaa fundi: “Wewe nimekusamehe, mwanao nimemsamehe. Lakini wale wa Malindi wamenicheka na wamerudi kwao.”

Hilo msamaha hauliwezi. Kicheko kilishakwenda Malindi, na hakuna awezaye kukifuata nyumba kwa nyumba.

Siku ya nikaha wageni walirudi. Fundi aliomba awe miongoni mwa wanaowapokea, na wakati wa kula akajiweka kwenye sinia moja na yule mzee aliyeuliza swali botini. Alisubiri pilau iishe nusu. Kisha akaanza mwenyewe: “Mzee wangu, ile habari ya nane ulisimuliwa nusu.” Akampa nusu ya pili. Akamweleza kwamba yeye ni United, kwamba msimu ule ule waliukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao manane, na kwamba mtu wa kwanza mjini kuiona hesabu hiyo, tena usiku ule ule, alikuwa baba wa bibi arusi. Akaongeza hata habari ya kanzu na shilingi saba. Mzee alicheka mpaka akaacha tonge. Kumbe naye anaufuata mpira, akauliza, “Na zile saba alizipunguza kweli?” Fundi akaapa kwamba bado anamdai.

Angalia alichokifanya. Shabiki wa United alikaa mbele ya wageni akaisema vibaya timu yake, kwa hiari, ili mtani wake apate jibu ambalo hakuweza kulitoa botini. Na alilipeleka kwa watu wale wale waliosikia pigo. Wangepelekewa wengine, lisingefaa kitu. Wageni walipokuwa wanaagana gatini, yule mzee alimshika nahodha mkono akamwambia, “Bwana, nimesikia walikosa nane.” Nahodha alimtafuta fundi kwa macho katika watu.

Kijana yuko botini hadi leo. Anaendelea kumtania nahodha, na nahodha anaendelea kumjibu, na hilo lilinifurahisha kuliko yote, kwa kuwa nilihofu watakuwa na adabu ya baridi kati yao. Wageni wakiwamo, haongei mpira mpaka nahodha auanze mwenyewe.

Limebaki suala moja ambalo baraza halijaafikiana. Kanzu ya nikaha, ile aliyoivaa nahodha siku ya kumwoza binti yake, fundi aliishona na ndani ya pindo akaandika 82 kama kawaida yake. Baadhi ya wazee wanasema baada ya yaliyotokea angeiacha, angalau mara hiyo. Mimi naona alifanya sawa. Angeiacha, nahodha angeitafuta, asingeiona, na angejua kwamba rafiki yake ameanza kumhurumia.